Sifuri ya Mayweather

Nimechoka kumtetea Floyd Mayweather, lakini nitamtetea mara hii moja, halafu wanaompinga nitawapa nusu ya hoja yao bila ubishi. Nusu nyingine siwapi.

Hoja yenyewe mnaijua. Wakikutana watu watatu wanaopenda ngumi, mmoja atasema Mayweather anakuzwa tu: ni bondia wa promo, mtu wa kukimbiakimbia, kabebwa na majaji wa Las Vegas, na wapinzani wake aliwachagua kama mtu anavyochagua parachichi sokoni, anabonyeza kwanza, lile lililokwisha kulainika ndilo analolichukua. Wa pili atajibu kwa namba: mapambano 50, ushindi 50. Wa tatu atamtaja Muhammad Ali, na hapo mjadala umekufa, kwa sababu akishatajwa Ali hatuzungumzii tena ngumi, tunazungumzia dini.

Kiswahili kimetupa neno zuri kwa ubishi huu. Kukuza jambo ni kulifanya lionekane kubwa kuliko lilivyo. Kumkuza mtoto ni kumlea. Mayweather kakuzwa kwa maana zote mbili, na hii ya pili huwa tunaisahau kabisa.

Alizaliwa mwaka 1977 Grand Rapids, jimbo la Michigan, katika ukoo ambao kazi yake ilikuwa ngumi, kama ukoo mwingine unavyokuwa wa wavuvi au wa mafundi seremala. Baba yake, Floyd mkubwa, alipanda ulingoni na Sugar Ray Leonard mwaka 1978 na akapoteza. Baba yake mdogo, Roger, alikuwa bingwa wa dunia katika uzito wa aina mbili. Jeff, baba mdogo mwingine, naye bondia. Baba mtu alipofungwa jela miaka ya 1990 kwa dawa za kulevya, Roger ndiye aliyeshika ukocha. Mtoto huyu hakujifunza ngumi kama mimi na wewe tulivyojifunza kuendesha baiskeli. Alijifunza kama tulivyojifunza lugha ya nyumbani, kabla hata ya kujua kwamba kuna kitu anajifunza.

Mimi hilo naliona kwenye bega lake la kushoto.

Simama mbele ya kioo ujaribu. Geuka upande, bega la kushoto litangulie, linyanyue mpaka likaribie kugusa kidevu. Mkono wa kushoto ulaze chini, ukatishe tumbo, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mkono wa kulia uweke karibu na shavu. Sasa jiangalie: uso wako karibu wote uko wazi. Makocha wengi humfundisha mtoto kinyume cha hapo, inua mikono yote miwili, funga mlango. Mpinzani akiuona uso ule mtupu, tamaa inamshika, anatupa mkono wa kulia. Konde linakuja, bega linageuka kidogo tu, na konde linateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Na kwa kuwa kiuno kimeshajigeuza kulipisha lile konde, mkono wa kulia wa Mayweather uko tayari umekokiwa, unarudi kwa njia ileile. Yaani kujikinga na kupiga siyo vitendo viwili tena. Ni kimoja.

Mtindo wenyewe hakuubuni yeye. James Toney alikuwa akiutumia kabla yake, na kwa Mayweather ni urithi wa baba. Lakini waliojaribu kuuiga baada yake wengi wameishia kula makonde ambayo mtu aliyeinua tu mikono yake kama alivyofundishwa angeyakinga. Unahitaji jicho linaloona konde likiwa bado ni wazo begani mwa mwenzako.

Wanaosema ni mkimbiaji nawaomba watafute pambano la Januari 2001 dhidi ya Diego Corrales. Corrales hakuwa amepoteza pambano hata moja. Alikuwa mrefu, mwenye ngumi nzito. Mayweather alimwangusha mara 5, mpaka watu wa kona ya Corrales wenyewe wakaomba pambano lisimamishwe raundi ya 10. Hakukimbia hata kidogo usiku ule. Alikuwa akimkata mtu vipande kwa utulivu, na bado alikuwa anaitwa Pretty Boy, jina la Money halijazaliwa.

Sasa nusu niliyoahidi kuwapa.

Aprili 2002, dhidi ya José Luis Castillo wa Mexico. Majaji wote watatu walimpa Mayweather: 116-111, 115-111 na 115-111. Harold Lederman, aliyekuwa akihesabu pointi kwenye matangazo ya televisheni ya HBO, alihesabu 115-111 pia, ila kwa Castillo. Mimi nimelitazama pambano lile mara tatu, na mara zote nimempa Castillo. Alimbana Mayweather kwenye kamba, akampiga mwilini, akamfanya aonekane binadamu. Walirudiana Desemba mwaka huohuo na Mayweather akashinda vizuri zaidi, lakini marudiano hayafuti pambano la kwanza. Ile sifuri iliyouzwa miaka yote iliyofuata, kwa macho yangu, ilipaswa kufa usiku ule.

Na kuna suala la saa. Mayweather alikuwa na kipaji cha pili ambacho hakikutoka kwa baba yake: alijua ni lini pa kumkuta mtu. Alimkuta Oscar De La Hoya mwaka 2007, De La Hoya akiwa na miaka 34, na hata hapo jaji mmoja alimpa De La Hoya. Alimkuta Shane Mosley mwaka 2010, Mosley akiwa na miaka 38. Juan Manuel Márquez alipandishwa kutoka uzito wa chini mwaka 2009, wakakubaliana mwisho ratili 144, Mayweather akapima 146 na kulipa dola 600,000 kwa ratili mbili alizozidisha. Fikiria hilo kidogo. Kwake faini ile ilikuwa nauli. Canelo Álvarez alimkuta mwaka 2013 akiwa na miaka 23 tu, na kwa mkataba uliomtaka Canelo ashuke ratili mbili chini ya uzito wake. Hapa lakini tuwe wakweli: Canelo alikuwa bingwa, mkubwa wa mwili, na alifundishwa somo kwa raundi 12. Jaji mmoja aliandika sare, na mpaka leo sijui alikuwa akitazama nini.

Halafu Manny Pacquiao.

Mazungumzo ya pambano lao yalivunjika kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, kwa ubishi juu ya vipimo vya damu. Wakati huo Pacquiao alikuwa moto wa nyika. Walipokutana Mei 2015, Mayweather alikuwa na miaka 38, Pacquiao 36, na miaka miwili na nusu nyuma Pacquiao alikuwa ameshalazwa kifudifudi na Márquez kwa konde moja. Kwetu ilikuwa Jumapili tarehe 3, kama saa moja asubuhi. Nililitazama kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, wengine wameshavaa nguo za kanisani, wengine ndiyo kwanza wanatoka walikokesha. Raundi ya nne Pacquiao alipompata na Mayweather akarudi kwenye kamba, banda zima lilisimama. Baada ya hapo hatukusimama tena. Raundi ya nane watu walianza kutoka mmoja mmoja. Kijana mmoja aliuliza kwa sauti, "Sasa hii ndiyo tumeamkia?"

Kwa hesabu za CompuBox, Pacquiao alirusha makonde 429, yakafika 81. Mayweather alirusha 435, yakafika 148. Bondia aliyekuwa maarufu kwa mvua ya makonde alizimwa mpaka akawa anarusha machache kuliko mtu anayeitwa mkimbiaji. Ukiisoma hivyo kwenye karatasi ni kazi ya ajabu. Ukiwa kwenye benchi, umelala masaa matatu, ni usingizi. Zaidi ya nyumba milioni 4 Marekani zililipia kuutazama usingizi ule, na nadhani wengi walioanza kusema "anakuzwa" walianzia asubuhi ile, au usiku ule kwa wenzetu.

Huwa najiuliza kwa nini Mayweather hana kitabu. Simaanishi vitabu vya wasifu vya kwenye viwanja vya ndege. Namaanisha kitabu kama kile Norman Mailer alichokileta kutoka Kinshasa, baada ya Ali na Foreman, Oktoba 1974. Joyce Carol Oates ameandika juu ya ngumi, na A. J. Liebling kabla yake aliandika kwa mapenzi ambayo watu wengine huyaweka kwenye chakula (naye chakula alikiandikia pia). Waandishi wanaipenda ngumi kuliko michezo mingine, na nadhani sababu si ya kujivunia. Ngumi inawapa mhusika tayari ameshavuliwa nguo, mwanzo, mwisho, na maumivu yanayoonekana. Ali wa Kinshasa ni mhusika kwa sababu aliegemea kamba akapigwa raundi baada ya raundi, kisha raundi ya 8 akamwangusha mtu ambaye kila mmoja aliamini angemuua. Mwondoe Ali kwenye zile kamba, mpe bega la Mayweather, afanye yaleyale bila kuguswa. Mailer angerudi na nini?

Mhusika asiyeumizwa haandikiki kirahisi. Sisi wasomaji wa hadithi tumezoea kulipwa kwa jeraha. Tunataka mtu aanguke, ili kuinuka kwake kuwe na maana. Mayweather amekataa kuanguka, na kwa kulipiza kisasi tumesema hana hadithi, kisha kutoka hapo tumeruka hadi kusema hana kitu. Hapo ndipo ninapoachana na wanaompinga. "Ananichosha" ni hukumu ya haki kabisa, mimi mwenyewe nimesinzia. "Anakuzwa" ni hukumu nyingine.

Anachokuzwa kwacho, kwa kweli kabisa, ni sifuri. Sugar Ray Robinson, ambaye wengi wanaojua ngumi wanamweka juu ya wote, alipoteza mapambano 19. Jake LaMotta alimpiga mwaka 1943, naye akampiga LaMotta mara tano nyingine. Ali alipoteza matano. Leonard, Durán, Hearns na Hagler walipigana wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1980, kwa hiyo karibu kila usiku mmoja wao alishindwa, na ni kwa sababu hiyo tunawataja wanne kwa pumzi moja. Mayweather aliigeuza sifuri kuwa bidhaa, akaivalisha kofia zenye herufi TBE, maana yake bora kuliko wote waliowahi kuwepo. Ushindi wa 50, ule uliompitisha Rocky Marciano mwenye 49, aliupata mwaka 2017 kwa Conor McGregor, mtu ambaye hakuwahi kupigana pambano hata moja la ngumi za kulipwa. Vitabu vya rekodi vinauhesabu. Mimi siuhesabu. Na madhara ya biashara ile tunayaona hadi huku kwetu: bondia kijana akipoteza pambano moja tu, watu wanamzungumzia kama marehemu, na promota wake anaanza kumtafutia wapinzani wa kulaza.

Nje ya ulingo sina la kumtetea. Mwaka 2012 alikaa jela miezi miwili baada ya kukiri shtaka la unyanyasaji wa nyumbani dhidi ya mama wa watoto wake. Mtu aliyejifunza kuliko wote namna ya kutoguswa alijua vizuri mikono inafanya nini. Hilo halipunguzi wala haliongezi ustadi wa bega, na mwenye kusema hawezi kumtazama tena kwa sababu hiyo simshawishi atazame.

Nimesema nimechoka kumtetea. Anayenichosha ni mjomba wangu.

Mjomba alipigana ngumi za ridhaa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha za kulipwa, ingawa hayo malipo ukiyasikia utacheka. Hakuwahi kuwa bingwa wa chochote. Alikuwa na sifa moja tu, nayo bado wazee wawili watatu wa mtaa wanaikumbuka: harudi nyuma. Alikuwa akila makonde mawili ili arudishe moja, na watu walimpenda kwa hilo. Walikuwa wakimtunza hela kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu. Kuna usiku, anasema, alipigwa mpaka jicho likafunga, na alipofika kona kocha akamwambia basi, naye akajibu, "Wananiita jina langu, unawasikia?"

Hadithi hiyo huwa anaisimulia mara mbili. Simaanishi mara mbili kwa mwaka. Anaimaliza, anakunywa chai, anaianza upya. Kikombe hakijazwi juu siku hizi, kwa sababu mkono ukianza kutetemeka chai inaishia kwenye kisahani, na mkewe amejifunza kumimina nusu bila kusema kwa nini. Ana miaka 60 na kitu, siyo mzee wa hivyo. Hakuna daktari aliyetuambia kuwa ni ngumi, na sisi hatujauliza.

Bondia wake ni Robert Wangila wa Kenya. Mwaka 1988 mjomba aliyafuata mashindano ya Seoul kwenye redio, na Wangila alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali, Mkenya wa kwanza, na mpaka leo wa pekee, kutwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye ngumi, mjomba anasema alitoka nje akazunguka nyumba akipiga kelele hadi majirani wakadhani kuna mwizi. Wangila alikwenda kupigania Marekani. Julai 1994, Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya 9, na Wangila hakukubali kusimamishwa. Alizimika akiwa chumba cha kubadilishia nguo, akafa hospitali. Alikuwa na miaka 26. Mji uleule ambao baadaye Mayweather alikwenda kuvuna mamia ya mamilioni kwa kutoguswa.

"Yule alikuwa bondia," mjomba huniambia. "Mpaka mwisho anawaambia, niacheni."

"Wangemsimamisha mapema angekuwepo."

"Mjomba, wewe huelewi." Tunaitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba. "Bondia analipa. Huyu wako halipi. Huyu wako ni mhasibu."

Ni neno zuri, mhasibu. Sijawahi kusikia mchambuzi wa televisheni akimweleza Mayweather vizuri zaidi. Anahesabu pumzi, anahesabu hatua, anajua raundi ipi ameshaishika na ipi anaweza kuipumzikia. Na nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu nilikuwa nikimjibu mjomba papo hapo, kwa takwimu, kwa sauti, kwa ushahidi wa video. Namwambia kazi ya bondia ni kupiga bila kupigwa, ndiyo maana ya mchezo wenyewe, sasa aliyeifanya kuliko wote anakuzwaje? Namwambia kupigwa si ushujaa, ni kosa la kiufundi.

Siku moja niliisikia sentensi hiyo ya mwisho ikitoka mdomoni mwangu huku mkewe akimimina nusu kikombe.

Kumtetea Mayweather mbele ya mjomba ni kumwambia kwamba alicholipa hakikuwa na ulazima. Kwamba kulikuwa na njia nyingine, ya bega, na kule kusimama na kula makonde huku ukumbi ukiita jina lake kulikuwa ukosefu wa mwalimu tu. Ambayo ni kweli. Mazoezi yao yalikuwa gunia moja la kuning'inia na kocha aliyekuwa na kazi nyingine mchana. Hakuna baba mdogo bingwa wa dunia aliyekaa nao sebuleni. Alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho, na ukumbi ulimlipa kwa kumpigia makofi kwa kitu kilekile kilichokuwa kinammaliza. Yeye akisema Mayweather anakuzwa, anatetea bei aliyonunulia jina lake. Nimwambie nini? Kwamba ameuziwa ghali?

Kwa hiyo nimeacha kubishana naye. Lakini nje ya pale, kwa mtu yeyote ambaye hakuwahi kula konde la mtu mwingine na bado anakaa kwenye kochi akidai Mayweather alitudhulumu kwa kutoumia, sijaacha. Kipimo kinachomfanya Wangila kuwa bondia zaidi kwa sababu alikufa ni kipimo kibaya, hata kama mwenye kukishika ni mtu ninayempenda. Wangila alikuwa bondia tangu Seoul, kwa konde moja safi la raundi ya pili. Hakuhitaji Las Vegas kuthibitisha.

Mwaka jana nilimpelekea mjomba pambano la Mosley kwenye simu, nikaliunganisha na televisheni yake. Nililichagua makusudi. Raundi ya pili Mosley anampata Mayweather kwa mkono wa kulia, na magoti yanalegea waziwazi, mara mbili ndani ya raundi moja. Ni miongoni mwa mara chache sana kwenye yale mapambano 50 ambapo unaona mtu karibu anakwenda chini. Mjomba alilipiga konde meza. "Kaipata! Hapo sasa! Mwangalie mhasibu!"

Mayweather aliushika mkono wa Mosley, akaukumbatia kabisa, kama mtu aliyeshika nguzo ndani ya basi. Kengele ikalia.

Raundi ya tatu ikaanza, nami sikusema kitu. Mtu anayejulikana kwa kurudi nyuma alitoka kwenye kona yake akiwa anatembea mbele. Hakukimbia, hakuzunguka. Alimfuata Mosley katikati ya ulingo, bega juu, mkono wa kulia ukitoka kila Mosley alipojaribu kurudia lile konde lililofanya kazi. Raundi ya nne hivyohivyo. Kufikia ya sita Mosley alikuwa ameshaacha kurusha, anarudi yeye.

Mjomba alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti, na kwa muda mrefu hakusimulia chochote.

"Anamfuata," alisema mwishoni.

"Anamfuata, mjomba."

"Na ile ya pili ilikuwa imemwingia. Mimi naijua ile, ikikuingia miguu siyo yako." Alinyamaza tena. Kisha akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Bado mhasibu tu huyo. Hebu rudisha nyuma, pale anapotoka kwenye kona."